Barua ya wazi kwa viongozi wetu: Mbwa hawa wana wenyewe

Kwa:
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mkurugenzi wa Manispaa.

YAH: MBWA WAKALI WANAOFUNGULIWA NA KUACHWA MTAANI

Waheshimiwa,

Salaam. Somo tajwa hapo juu lahusika.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Ninaandika kwa niaba yangu na ya majirani waliotia sahihi kwenye nakala mliyoletewa ofisini. Barua zilizotangulia ziliishia kwenye majalada yenu, ndiyo maana hii tumeiweka wazi ili na wengine waisome. Tulianza kama watu wazima wanavyoanza: tukabisha hodi kwa wenye mbwa. Tukaenda kwa mjumbe. Tukaenda ofisi ya mtaa, wakatuelekeza kata. Kata wakatuuliza kama tumepitia mtaa. Barua zetu zina mhuri wenu wa kupokelewa. Jibu tulilopewa ni la mdomo, kwamba suala linafanyiwa kazi, na tangu hapo kimya.

Sitataja jina la mtaa wetu hapa Dar es Salaam wala la mwenye mbwa yeyote. Majirani hao tunazikana nao, na kesho tutakaa nao mkeka mmoja msibani. Tunachotafuta ni mageti yafungwe. Nyinyi mnatujua sisi na mnawajua wao, hivyo barua hii haitawapotea njia.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia mbwa gani. Kila tunapolalamika, ofisi inalichukua kama suala la mbwa koko wa jalalani wasio na mwenyewe. Mbwa wanaotutesa sisi wana mikanda shingoni, wana majina, na wanalala nyuma ya mageti yaliyobandikwa kibao cha "Mbwa Mkali". Mmoja anaitwa Simba, na mwenye naye ni Yanga wa kutupwa, kwa hiyo mtaa mzima unalijua jina hilo na sababu yake. Saa nne usiku mageti yanafunguliwa, mbwa wanatoka. Saa moja asubuhi, siku nyingine saa mbili, wanaitwa, wanaingia, geti linafungwa. Jumamosi na Jumapili wapo wanaoshinda nje kutwa. Mbwa wa namna hii hajapotea. Ameruhusiwa.

Sababu za kuwafungulia tumezisikia kwa wenyewe. Mmoja anasema mbwa akikaa ndani usiku kucha anachafua uani, na uani kumetandikwa vitofali. Mwingine hakusema, ila kijana wake wa kazi alisema: mbwa akizunguka anajitafutia, na sufuria ya dona na dagaa inapikwa ndogo. Wa tatu ana ukarimu wa kupita kiasi. Anasema mbwa wake wanalinda mtaa mzima na tulitakiwa tumshukuru.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Watoto wa shule

Watoto wa shule ya msingi wanatoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo, wengine kabla ya hapo, kungali giza. Njia yao inapita mbele ya mageti hayo. Ile nyingine iliyokuwa ikipita karibu na korongo ililiwa na mvua za masika, na hilo nalo mnalo kwenye barua tofauti. Mtoto akiona mbwa anamjia, anakimbia. Mbwa akiona kitu kinakimbia, anakifukuza. Hakuna aliyefanya la ajabu hapo, si mtoto wala mnyama. La ajabu limefanywa na aliyefungua geti.

Tunaowajua sisi, walioumizwa kwenye njia hiyo, ni pamoja na mwanafunzi wa darasa la tatu aliyechanwa paja, na mtoto wa chekechea aliyeangushwa na kung'atwa mkono huku dada yake amemshika mkono wa pili. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Wauguzi tunajua kwa nini hali yao inatisha zaidi. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo meno humfikia usoni, shingoni na mikononi, na jeraha likiwa karibu na kichwa virusi vina safari fupi ya kufika kwenye ubongo.

Halafu mtoto huficha. Sare imechanika, anaogopa kuchapwa. Au alishaambiwa asipite pale, akapita. Nikiwa kazini nilikuwa napokea vidonda vya mbwa vilivyokaa siku kadhaa, vimepakwa mafuta ya taa, mama kavigundua wakati wa kumwogesha mtoto. Kwa hiyo idadi yoyote mtakayoletewa na sisi ni ya wale waliosema tu.

2. Kichaa cha mbwa

Hapa mniwie radhi, nitakaa zaidi.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hospitali haina la kufanya zaidi ya kumpunguzia mateso. Walionusurika duniani kote ni wa kuhesabika. Katika miaka yangu ya wodini nilimhudumia mgonjwa mmoja. Alikuwa anaomba maji, na kikombe kikimkaribia koo linabana na mwili mzima unaruka. Upepo wa feni ulimtesa, tukaizima. Muda mwingi akili yake ilikuwa timamu, anawataja watoto wake kwa majina. Hakumaliza wiki. Nimelisema hili ili mkiletewa tena taarifa kwamba mtu kang'atwa na mbwa, msidhani tunazungumzia kidonda cha kufunga bandeji.

Virusi vinaingia kwa mate ya mbwa kupitia jeraha, kisha vinafuata mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, japo huweza kuwa wiki moja na huweza kufika mwaka. Nafasi ya kumwokoa mtu iko ndani ya muda huo. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, hata kama damu imeacha kutoka. Kisha chanjo: ya kwanza siku hiyohiyo, halafu siku ya tatu na ya saba, na zaidi kama ratiba ya hospitali inavyotaka. Jeraha likiwa baya, kunaongezwa sindano ya kinga ya moja kwa moja kuzunguka kidonda. Kila mwaka duniani hufa watu wapatao 59,000 kwa ugonjwa huu, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Ni ugonjwa wenye chanjo tangu mwaka 1885.

Sasa njooni mtaani kwetu. Yule wa darasa la tatu alipong'atwa, mama yake, ambaye anauza vitumbua, alimwosha kama nilivyomwelekeza. Zahanati haikuwa na chanjo. Kituo cha afya nacho hakikuwa nayo. Ilipatikana hospitali ya mbali, kwa kulipia, na kila dozi ilitaka nauli ya watu wawili na siku nzima bila biashara. Dozi ya mwisho mama alikopa kwenye kikoba. Mwenye mbwa hakutoa hata nauli.

Na pesa si ndiyo iliyotuuma zaidi. Utaratibu wa mbwa aliyeng'ata, akiwa mzima na anafahamika, ni kumfungia na kumwangalia kwa siku 10. Kama mate yake yalikuwa na virusi siku aliyong'ata, ndani ya siku hizo ataugua na kufa. Akibaki mzima, familia inapumua. Kipimo hiki hakihitaji maabara. Kinahitaji banda, na mtu wa kukubali kwamba mbwa ni wake. Tulimsindikiza yule mama kwenda kuomba mambo mawili: kadi ya chanjo ya mbwa, na mbwa afungiwe. Mwenye nyumba akatujibu pale getini kwamba mbwa yule si wake, huwa anakuja tu kula. Jioni tukamsikia akimwita kwa jina ili aingie.

Tukamtafuta ofisa mifugo wa kata. Anahudumia eneo kubwa, hilo tunalielewa, ila kwenye simu alitaka kwanza aandikiwe na mtendaji. Mtendaji akataka barua ianzie kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa safarini. Siku kumi zikaisha mbwa akiwa barabarani, hana aliyemwangalia isipokuwa sisi tuliokuwa tunapishana naye. Hakuugua. Ofisi ikalifunga suala kana kwamba ni ofisi iliyoliepusha.

3. Wanaotoka alfajiri

Mtaa wetu unaamka mapema. Wapo akina mama wanaowahi samaki Feri, wapo mama lishe wanaowasha moto saa kumi, wapo wanaokwenda misa ya kwanza. Wote wanatembea na fimbo.

Kwa Waislamu kuna uzito wa ziada ambao nahisi ofisi haiujali. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee aliyetia udhu nyumbani, kanzu safi, anatembea taratibu kwenda swala ya alfajiri, akirukiwa na mbwa swala ya jamaa imempita hata kama hakung'atwa. Wazee kadhaa sasa wanaswali nyumbani. Hawakusukumwa na maradhi wala uvivu, wamezuiwa na geti la jirani. Nimesikia mtu akisema hilo ni jambo la dini na serikali haina dini. Sawa. Njia ya kupita ni ya serikali.

4. Bodaboda

Dereva anayefukuzwa na mbwa watatu usiku anaongeza mwendo kwenye barabara ya mashimo, na abiria yuko nyuma. Wameshaanguka. Wengi sasa hawaingii ndani baada ya saa nne; wanakushusha kwenye lami, utembee mwenyewe kupita palepale. Wanaokubali wanaongeza nauli, na wanaiita waziwazi "ya mbwa". Fikirieni mgonjwa anayetakiwa kuwahishwa hospitali usiku.

5. Kuku, mbuzi, takataka

Kwa ufupi: kuku wanaliwa, mbuzi aliyekuwa na mimba alikimbizwa hadi akaharibu, na mifuko ya taka inachanwa usiku wa kuamkia siku ya gari la taka, hivyo asubuhi nepi za watoto zimetapakaa mbele ya nyumba za watu. Kila mmoja anamlipa mzoa taka na anaokota mwenyewe.

6. Sumu

Hili ndilo lililotufanya tuandike sasa badala ya kuendelea kusubiri. Kuna mtu, hatumjui na hatutaki kumjua, aliyetupa nyama yenye sumu barabarani. Wale mbwa wakubwa hawakuila. Waliokufa ni paka wawili, kuku kadhaa, na mbwa wa bibi mmoja mjane, mbwa mdogo aliyekuwa anafungwa kwa kamba kila siku, aliyechanjwa, ambaye siku hiyo alichomoka. Nyama iliyobaki ilikutwa hatua chache kutoka mahali watoto wanapochezea gololi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuacha mlango wa mtu kujichukulia hatua za namna hiyo, na hata isingekuwepo, sumu haichagui. Lakini waheshimiwa, watu huanza kutega sumu pale wanapoona kwamba ofisi haitafanya kitu. Sasa majirani wanaangaliana kwa jicho la nani kafanya. Walioumizwa ndio wanaoshukiwa.

Tunajua mtakayotujibu, kwa sababu mengine mmeshatujibu.

Mtasema manispaa haina sheria ndogo inayotaja mbwa wa kufugwa nyumbani. Kama haipo, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, imelipa baraza la madiwani uwezo wa kuitunga, na Mheshimiwa Diwani yumo humo. Lakini hata kabla ya kutunga chochote, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233, kinamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe unaoweza kuhatarisha maisha au kumdhuru mwenzake anaacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Mnyama yeyote. Hakikusubiri sheria ndogo. Na ipo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, ambayo maofisa mifugo wenu wanaijua kuliko mimi.

Mtasema huu ni ugomvi wa majirani, tukasuluhishane. Tulikwenda kusuluhishana. Tuliambiwa mbwa si wake.

Mtasema mtaa una wezi na mbwa wanasaidia. Mbwa aliye ndani ya uzio analinda nyumba, na hatujamwomba yeyote aache kufuga. Sisi wengine tunafuga pia. Mbwa wa barabarani anamzuia kila mtu isipokuwa mwizi, kwa kuwa mwizi anakuja na mfupa. Vijana wa ulinzi shirikishi, ambao tunawachangia kila mwezi, wanajaza mawe mfukoni kwa ajili ya mbwa, na kona ile wameacha kabisa kuipita. Pampu ya maji ya jirani iliibwa kona hiyohiyo, mbwa wakiwepo.

Mtasema basi mtaleta watu wenye bunduki kuua mbwa wote wanaoonekana nje. Nawasihi msifanye hivyo. Mtaua mbwa koko na mbwa wa maskini asiye na geti, na wale wenye geti wataingizwa ndani siku hiyo kwa sababu tangazo litawafikia mapema. Wiki ijayo watatoka. Kuua mbwa peke yake hakumalizi kichaa; waliouawa nafasi zao huchukuliwa na wengine ambao hawajachanjwa. Kinachokata ugonjwa ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, na kurudia kila mwaka. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Pemba walichanja, ugonjwa ukazimika mwaka 2014. Ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena, na mwaka 2018 ukazimika mara ya pili. Ni kisiwa, mtasema, na kweli bahari inasaidia. Lakini kazi ilifanywa na watu waliopita na sindano kijiji kwa kijiji.

Mtasema hakuna bajeti. Kwa chanjo tutazungumza, maana ni kweli inagharimu. Ila barua ya wito kwa mwenye nyumba inagharimu karatasi moja na mhuri ambao mnao.

Kuna jibu moja ambalo hamtalisema, nami nitalisema kwa heshima zote: kwamba wenye mageti hayo ni watu wenye nafasi zao, wana magari, wana simu za watu, na wakati wa harambee ya ofisi ya mtaa majina yao yalisomwa juu. Mama wa vitumbua hakusomwa. Ndugu Mwenyekiti, tungekuwa barazani ningekuita mwanangu, kwa umri unanistahilia. Lakini hii ni barua ya ofisi. Mlipoomba kura mwezi Novemba 2024 mlipita nyumba kwa nyumba, mchana. Tunakukaribisha upite tena saa tano usiku, kwa miguu, kuanzia kwenye lami hadi msikitini. Tutakusubiri na chai.

Tunachoomba si kikubwa, na kila mmoja wenu ana sehemu yake.

Kwako Mwenyekiti, itisha mkutano wa hadhara wa mtaa wenye ajenda hii peke yake, wenye mbwa waalikwe kwa maandishi, na wajumbe waandike daftari la mbwa wa mtaa: nyumba ipi, mbwa wangapi, kadi ya chanjo ipo au haipo. Daftari hilo ndilo litakaloondoa habari ya "huwa anakuja tu kula". Mbwa ambaye ameandikwa na mjumbe mbele ya mashahidi hakanwi getini. Sisi tumejitolea kuzunguka na wajumbe, daftari na kalamu tutanunua wenyewe.

Kwako Mtendaji, waandikie wito wenye nyumba ambao majina yao tumeyaambatanisha kwenye nakala yako. Wapewe siku 14 za kurekebisha uzio na mageti, na kuleta kadi za chanjo. Kisha tunaomba jambo moja dogo ambalo lingemwokoa yule mama na mahangaiko yote yale: utaratibu ulioandikwa na kubandikwa kwenye mbao za matangazo, unaosema mtu aking'atwa ampigie nani, na ni nani mwenye wajibu wa kuhakikisha mbwa amefungiwa siku hizo 10 bila kusubiri barua ipande ngazi na kushuka.

Mheshimiwa Diwani, peleka hoja kwenye baraza. Tunataka sheria ndogo inayosema mbwa akitoka nje ya uzio awe na kamba na mtu, mwenye mbwa achanje kila mwaka, na mbwa aking'ata mtu mwenye mbwa alipe matibabu yote, nauli ikiwemo. Nauli msiisahau, kwa wengi wetu ndiyo inayokatisha dozi. Na faini iwe ya kuuma. Faini ya bei ya mfuko mmoja wa unga watailipa kila mwezi na mbwa wataendelea kutoka.

Kwako Mkurugenzi tuna mawili. La kwanza, chanjo ya mbwa ifike mtaani. Tunajua huwa mnaadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, lakini kituo huwekwa mbali na siku huwa ya kazi. Mtu hawezi kumpandisha mbwa kwenye daladala. Leteni chanjo Jumapili kwenye uwanja wa shule, gari la matangazo lipite siku mbili kabla, na vijana wa mtaa tutawatoa wa kusaidia kushika mbwa. La pili, chanjo ya binadamu iwepo kwenye kituo chetu cha afya. Kama haiwezekani kila kituo kuwa nayo, basi kila zahanati ibandike karatasi mlangoni inayosema leo hii inapatikana wapi na kwa bei gani. Mzazi mwenye mtoto anayevuja damu asiwe anazunguka manispaa nzima akiuliza.

Kwa wenye mbwa, ambao najua watasoma hii hata kama haikuandikwa kwao: hatuna chuki na wanyama wenu. Mbwa anayefungwa mchana kutwa kwenye mnyororo mfupi, analishwa kidogo, halafu anafunguliwa usiku akatafute, lazima awe mkali, na hilo hakulichagua yeye. Jengeni banda lenye kivuli, mpeni maji, mtembezeni kwa kamba jioni. Bibi mjane aliweza, kwa mbwa mmoja na pensheni ya marehemu mumewe.

Tunaomba jibu la maandishi, lenye kumbukumbu namba na tarehe, ndani ya siku 21 tangu mlipopokea nakala hii. Likija na hatua, tutalibandika msikitini, kanisani na kwenye kijiwe cha bodaboda ili kila mtu ajue ofisi imefanya nini. Lisipokuja, walioumizwa watafungua majalada polisi chini ya kifungu cha 233. Vyeti vya hospitali vipo, picha za vidonda zipo, na mashahidi wamekubali kwenda. Polisi watakapouliza kama uongozi ulikuwa unawafahamu wenye mbwa, tutawapa nakala za barua zenye mihuri yenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu na mkazi wa mtaa wenu,
kwa niaba ya wakazi waliotia sahihi
(majina na sahihi vimeambatanishwa kwenye nakala za ofisi)

Nakala:
Ofisa Mifugo wa Kata
Mganga Mkuu wa Manispaa
Mkuu wa Kituo cha Polisi
Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi ya mtaa
Imamu wa msikiti na Paroko
Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda